Kabla Hujatoa Arubuni

Mnamo Septemba 2017, maafisa wa Serikali ya Kaunti ya Mombasa waliingia katika ploti ya ufuoni huko Nyali na kuubomoa ukuta wake uliotazama bahari. Kaunti ilisema pale ni mahali pa umma, na wananchi walihitaji njia ya kufika ufuoni. Kampuni ya Dina Management, iliyokuwa na hatimiliki ya ploti hiyo, ilikwenda mahakamani. Kwa mtazamo wa mtu wa kawaida, makaratasi yake hayakuwa na kasoro. Ploti ilikuwa imegawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, mwaka 1989. Yeye akaiuzia kampuni ya Bawazir, na Bawazir ikaiuzia Dina. Wauzaji walijulikana, bei ililipwa, na usajili ulifanyika katika afisi ya serikali.

Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa neno la mwisho. Ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma, ugavi wa 1989 haukufuata utaratibu, na kwa hiyo mgawiwa wa kwanza hakuwa na haki yoyote ya kumpa mwenziwe. Aliyenunua kutoka kwake hakupata kitu, na aliyenunua baadaye hakupata kitu vilevile. Majaji walishika msimamo ambao Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeueleza mwaka 2013 katika kesi ya Munyu Maina: chimbuko la hatimiliki likitiliwa shaka, mwenye nayo haponi kwa kuionyesha karatasi tu. Ni lazima athibitishe kwamba kila hatua iliyomfikisha kwenye karatasi hiyo ilikuwa halali.

Kwa mtu anayetafuta nyumba ya vyumba viwili huko Bamburi, Kitengela au Nakuru, kesi ya kampuni na rais yaweza kuonekana ni ya wakubwa. Lakini kanuni iliyotokana nayo inamfikia kila mnunuzi. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema hatimiliki ni ushahidi wa umiliki, kisha papo hapo kinaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njama za ufisadi. Mnunuzi wa leo anarithi makosa ya wauzaji wote waliomtangulia, hata wale asiowajua majina.

Hapo ndipo wakili anapohitajika, na ndiyo maana namna ya kumchagua si jambo dogo. Watu wengi humtafuta wakili baada ya kukubaliana bei, wakati mwingine baada ya kutoa arubuni, ili “awaandikie makaratasi”. Wakati huo kazi yake kubwa imeshampita. Wakili anayefaa ni yule anayeweza kumwangalia mteja wake usoni na kumwambia: hii usinunue. Maneno hayo hayawezi kutoka kwa mtu aliyeletwa na muuzaji, wala kwa mtu anayesubiri kulipwa mauzo yakikamilika tu.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba anayeitwa wakili ni wakili kweli. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya kinamkataza mtu asiye na sifa kuandaa, kwa malipo, hati za kuuza au kuhamisha mali ya ardhi. Hata hivyo, mikataba mingi bado huchapwa kwenye saiba kwa mfano uliokwisha kutumiwa na watu mia, ikatiwa sahihi mbele ya chifu au wazee, kisha pesa zikabadilisha mikono siku hiyohiyo. Muhuri wa chifu unaweza kuthibitisha kwamba watu walikutana. Haumfanyi mnunuzi kuwa mmiliki, na haumwambii kama ploti ina rehani benki. Njia moja rahisi ya kuupima mkataba ni kutazama mwisho wake: hati iliyoandaliwa na wakili sharti ioneshe jina na anwani ya aliyeiandaa. Pakiwa patupu, hapo pana swali la kujibiwa.

Hata jina likiwepo, lichunguzwe. Mnamo Oktoba 2023, Chama cha Wanasheria cha Kenya, tawi la Nairobi, kilitangaza hadharani kwamba mtu mmoja alikuwa akijitambulisha kama wakili na kufika mbele ya mahakama huku hayumo katika orodha ya mawakili. Madai hayo yaliitikisa nchi kwa sababu yalionyesha jinsi watu wachache wanavyojisumbua kuuliza. Kuuliza kwenyewe hakugharimu kitu. Cheti cha kumruhusu wakili kufanya kazi hutolewa kila mwaka na muda wake huisha tarehe 31 Desemba. Tovuti ya chama hicho ina sehemu ambapo mwananchi huandika jina la wakili na kuona kama cheti chake kiko hai. Tanzania nayo ina mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili kwa kazi kama hiyo. Ni vyema kulinganisha jina zima pamoja na nambari ya uwakili, kwa kuwa majina yanafanana na matapeli wanalijua hilo.

Na ikiwa cheti cha wakili kilikuwa kimekwisha muda siku aliyoandaa hati? Mahakama ya Juu ilijibu swali hilo mwaka 2015 katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing: hati haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake. Uamuzi huo uliwaondolea hofu wateja wengi wasio na hatia. Lakini mnunuzi asiuchukue kama ruhusa ya kutojali. Wakili asiyefuatilia cheti chake mwenyewe hatarajiwi kufuatilia rejista ya ardhi ya mtu mwingine.

Baada ya hapo huja swali ambalo wanunuzi wengi huliruka: huyu ni wakili wa nani? Dalali ana wakili wake. Mwenye ploti ana wakili wake. Kampuni inayouza ploti kwa awamu ina wakili wake, na mara nyingi humwambia mnunuzi asijisumbue kwa kuwa gharama za wakili zimo ndani ya bei. Benki ikitoa mkopo wa nyumba, humweka wakili wa benki, na ada yake hulipwa na mnunuzi. Hapo wengi huchanganyikiwa, wakidhani kwa kuwa wao ndio wanaolipa, basi mtu huyo anawatetea. La. Kazi yake ni kuhakikisha rehani ya benki ni imara. Akiona jambo linalomdhuru mnunuzi bila kuidhuru benki, si wajibu wake kulisema.

Wakili mmoja kuwakilisha pande zote mbili huvutia kwa sababu ya gharama, hasa mauzo yanapokuwa kati ya ndugu au majirani. Tatizo huzuka siku mambo yanapoharibika. Anazijua siri za wote wawili, na mahakama za Kenya zimewahi kumzuia wakili aliyeandaa hati kwa ajili ya pande mbili asimtetee mmoja dhidi ya mwingine. Mteja hujikuta akianza upya na wakili mgeni, akiwa ameshapoteza muda na pesa. Kwa mtu anayetumia akiba ya maisha yake, au anayejifunga kwa mkopo wa miaka 15, kuokoa ada ya wakili mmoja ni uchumi mbaya.

Wakili akishapatikana, maswali ya kumwuliza siku ya kwanza yanafaa yahusu kazi yenyewe kuliko ukubwa wa afisi au cheo. Ni mauzo mangapi ya nyumba amesimamia katika kaunti hii? Ataenda mwenyewe kwa msajili au atamtuma karani? Atamtumia mpima ardhi gani? Ataandika ripoti ya alichokipata kabla mkataba haujasainiwa? Swali hili la mwisho ni kipimo kizuri. Wakili aliyezoea kuchimba huwa na ripoti, hata ya kurasa mbili. Aliyezoea kujaza fomu husema, “Nimeangalia, iko sawa.”

Kuangalia kwenyewe kuna ngazi. Upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi huonyesha mmiliki wa sasa, ukubwa wa ardhi, rehani na vizuizi vilivyowekwa. Upekuzi huo ni wa lazima, ila hauelezi safari ya ardhi. Baada ya kesi ya Dina, wakili makini huomba pia historia ya usajili: nani alikuwa wa kwanza, aligawiwa kwa hati gani, mpango wa eneo ulisema nini, na je, namba ya ploti iliyo kwenye hatimiliki ndiyo iliyo kwenye ramani ya Idara ya Upimaji? Kisha mpima huenda uwanjani kutafuta mawe ya mipaka. Si mara moja watu wameoneshwa ploti nzuri kando ya barabara na kuuziwa hatimiliki ya ploti nyingine iliyo kwenye mkondo wa maji. Tangu tarehe 27 Aprili 2021, serikali imekuwa ikihamishia kumbukumbu zake kwenye mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, ikianzia Nairobi. Mfumo huo umepunguza safari za kwenda Ardhi House, afisi kuu ya ardhi, lakini hauwezi kusafisha hati iliyoingia humo ikiwa chafu.

Anayenunua Nairobi na anayenunua Mombasa hawahitaji wakili wa aina moja. Pwani ina historia yake ya ardhi, na humo ndimo wageni huangukia. Sheria ya 1908 ya hati za ardhi ilianzisha usajili wa pekee kwa ukanda ambao Sultani wa Zanzibar alikuwa na mamlaka juu yake, na nambari za ploti za Mombasa, kama zile zinazoanza kwa MN za upande wa Kaskazini Bara, bado zinabeba kumbukumbu za mfumo huo. Katika mitaa kama Majengo, kuna desturi ya miaka mingi ya nyumba bila ardhi: mwenye nyumba amejenga kwa ruhusa ya mwenye ardhi na humlipa kodi ya uwanja, huku ardhi ikibaki ya mwingine. Nyumba hizo huuzwa na kununuliwa, hurithiwa na hupangishwa. Mnunuzi asiyeelewa anaweza kulipa mamilioni ya shilingi akidhani amenunua vyote viwili, kumbe amenunua kuta, paa na deni la kodi ya uwanja. Wakili mwenyeji wa pwani huliuliza hilo kabla ya kuketi.

Kuna pia ardhi ya wakfu, iliyotolewa kwa ajili ya msikiti, madrasa au familia. Wakfu hauuzwi kama mali ya kawaida, hata mtu akiwa ameishi juu yake miaka hamsini. Na kuna mirathi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Likoni au Kisauni bado ziko kwa jina la babu aliyefariki, na anayeuza ni mjukuu mmoja kati ya ishirini. Sheria ya Urithi ya Kenya hairuhusu mali isiyohamishika ya marehemu iuzwe kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na mahakama. Familia za Kiislamu huweza kwenda mahakama ya Kadhi, lakini uamuzi bado sharti upatikane. Barua ya familia yenye sahihi za wajomba saba haitoshi, ingawa huonyesha nia njema.

Mfano wa bara unauma zaidi kwa sababu ya wingi wa waliolia. Oktoba 2023, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi kubwa huko Mavoko, karibu na Athi River, ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement, nyumba za watu zilibomolewa moja baada ya nyingine. Wengi walikuwa wamenunua ploti kupitia kikundi cha Aimi ma Lukenya, wakajenga nyumba za mawe na kuhamia na watoto. Walikuwa na stakabadhi za malipo na makaratasi ya ununuzi. Hawakuwa na hatimiliki iliyotokana na mmiliki aliyesajiliwa. Upekuzi rasmi wa ardhi yote ile, uliofanywa na mtu asiyetegemea kikundi, ungeonyesha jina la nani lilikuwa kwenye rejista. Kazi ya namna hiyo huchukua siku chache na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya msingi wa nyumba.

Jambo linalokaribiana na hilo ni barua ya mgao. Kwa miongo kadhaa, barua ya serikali inayomgawia mtu ardhi imeuzwa mikononi kama bidhaa. Katika kesi ya Torino Enterprises, iliyoamuliwa Septemba 2023, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua ya mgao si hatimiliki na haiwezi kuhamisha umiliki. Ni ahadi yenye masharti, na masharti yasipotimizwa haina cha kuuza. Wakili anayemruhusu mteja kulipia ploti kwa barua ya mgao pekee anamweka hatarini akijua.

Kwenye fleti kuna kazi ya aina yake. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inaweka utaratibu ambao kila fleti hupata hatimiliki yake pamoja na fungu lake la maeneo ya pamoja kama ngazi, maegesho na tangi la maji. Majengo ya zamani yaliuzwa kwa mikataba ya kukodi ya muda mrefu, na yanatakiwa yabadilishwe kuingia katika utaratibu mpya. Mnunuzi wa fleti amwulize wakili kama jengo limeshabadilishwa, nani anasimamia sehemu za pamoja, na kama mjenzi bado ana rehani ya jengo zima. Rehani ya jengo zima ikibaki benki, fleti iliyolipiwa kwa pesa taslimu inaweza kuuzwa pamoja na zile za wadaiwa.

Pesa zina njia yake, na hapo ndipo uaminifu wa wakili hupimwa kwa vitendo. Kwa desturi ya mauzo ya Kenya, mnunuzi hutoa arubuni ya asilimia 10 mkataba unaposainiwa, na mauzo hukamilika kwa siku 90 hivi. Arubuni haipaswi kuingia mfukoni mwa muuzaji wala kwa dalali. Huwekwa kwa wakili wa muuzaji, katika akaunti ya wateja iliyotengwa na pesa za afisi, naye huishikilia kwa niaba ya pande zote mbili hadi mauzo yakamilike. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba. Anayeambiwa alipe kwa nambari ya simu ya karani, au kwa akaunti yenye jina la mtu binafsi, asimame hapo hapo apige simu afisini kwa nambari aliyoipata mwenyewe.

Upande wa pili wa pesa ni ahadi ya kiuwakili. Muuzaji anaogopa kukabidhi hatimiliki kabla ya kulipwa, na mnunuzi anaogopa kulipa kabla hatimiliki haijabadilishwa jina. Fundo hilo hufunguliwa na wakili mmoja kumwandikia mwenzake ahadi kwamba salio litalipwa mara usajili utakapokamilika. Ahadi hiyo si adabu ya barua. Kanuni za kesi za madai za 2010 zinaruhusu mahakama kumlazimisha wakili aitimize, hata kwa mali yake mwenyewe. Kwa hiyo jina la wakili anayeitoa lina thamani ya fedha. Wakili wa mnunuzi anapokataa kuitoa kwa sababu mteja wake hajamthibitishia pesa ziko wapi, huyo anafanya kazi yake vizuri.

Ada ndiyo watu huuliza kwanza. Haipangwi kwa kubahatisha. Kuna agizo la kisheria linaloweka kima cha chini kulingana na bei ya mali, la mwisho kubwa likiwa la 2014, na kwa nyumba za bei ya kawaida kima hicho huwa kati ya asilimia 1.5 na 2. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Sheria ya Mawakili inakataza kutoza chini ya kima hicho. Kwa hivyo wakili anayeahidi kumaliza mauzo ya nyumba ya milioni 8 kwa elfu kumi anavunja sheria, au hatafanya kazi anayoahidi. Wahenga wa pwani walisema rahisi ghali. Kinachofaa kudaiwa ni uwazi: barua inayoonyesha ada yake ni kiasi gani, malipo ya serikali ni yapi, na kipi kitarudishwa mauzo yakivunjika.

Malipo ya serikali ndiyo mazito zaidi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, ukihesabiwa kwa thamani iliyothibitishwa na mthamini wa serikali. Kwa nyumba ya milioni 8 mjini, hiyo ni shilingi 320,000, nayo hulipwa na mnunuzi kabla ya usajili. Wengine hushawishiwa waandike bei ndogo kwenye mkataba ili ushuru upungue. Wakili anayekubali hilo anamwachia mteja wake bomu: mgogoro ukizuka na pesa zikatakiwa kurudishwa, mahakama itasoma bei iliyoandikwa.

Wauzaji hujiona hawahitaji wakili, kwa kuwa wao ndio wanaopokea. Lakini muuzaji naye ana mengi ya kupoteza. Tangu Januari 2023, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 ya awali. Aliyenunua nyumba kwa milioni 5 na kuiuza kwa 8 anaweza kudaiwa hadi shilingi 450,000 kabla ya kupunguza gharama zinazokubalika. Wakili mzuri huuliza mapema kama ni nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, maana hapo sheria humsamehe. Huuliza stakabadhi za ukarabati ziko wapi. Huhakikisha rehani ya zamani imefutwa kwenye rejista, kwa kuwa deni lililolipwa miaka kumi iliyopita mara nyingi bado limeandikwa hapo. Tena humzuia muuzaji kumkabidhi mnunuzi funguo kabla salio halijalipwa. Kumtoa mtu aliyeingia ndani na familia ni kesi inayoweza kula miaka.

Kuhusu ndoa, sheria haibembelezi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya mume na mke kabla mali ya ndoa haijauzwa. Kuna wakili anayeridhika na karatasi yenye sahihi isiyojulikana ni ya nani, na kuna anayesema, “Mlete mama aje hapa afisini na kitambulisho chake.” Huyo wa pili anaweza kuudhi, hasa pale muuzaji anapodai mkewe yuko safarini. Amwudhi tu. Kwa shamba, au ploti iliyokatwa kutoka shamba, kuna hatua nyingine: ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo. Ombi hufanywa ndani ya miezi 6 tangu mkataba, na bila ridhaa hiyo sheria huyahesabu mauzo kuwa batili. Mahakama zimewahi kuwanusuru wanunuzi waliokaa miaka mingi bila ridhaa, lakini baada ya kuwazungusha hadi Mahakama ya Rufaa.

Walioko ughaibuni, wawe Muscat, Doha, London au Minnesota, wana hatari ya ziada kwa sababu hununua kwa macho ya wengine. Ndugu hutumiwa pesa, hutuma picha, na nyumba hununuliwa kwa jina la ndugu “kwa muda”. Mgogoro wa namna hiyo huvunja ukoo. Hati ya uwakala iliyosainiwa ubalozini au mbele ya mthibitishaji rasmi, ikasajiliwa Kenya na kutaja mali ile tu na mamlaka yale tu, humwezesha wakili au ndugu kusaini bila kuwa mmiliki. Mnunuzi wa mbali amchague wakili yeye mwenyewe, asimwachie ndugu amchagulie, na azungumze naye kwa simu ya video akiwa na nambari yake ya uwakili mkononi. Pesa zitumwe kutoka benki kwenda akaunti ya wateja, ili kila shilingi iwe na alama ya nyayo zake.

Kazi ya wakili haiishi siku hati ya uhamisho inapopelekwa kwa msajili. Mteja ana haki ya kukabidhiwa faili: hatimiliki halisi yenye jina lake, stakabadhi ya ushuru wa stempu, nakala ya mkataba, hesabu ya pesa zote zilizopita mikononi mwa wakili, na upekuzi mpya uliofanywa baada ya usajili kuonyesha kwamba rejista inasema hivyo hivyo. Upekuzi huo wa mwisho ndio wengi hawauombi. Wakili akichelewesha faili, asipojibu simu kwa wiki kadhaa, au akishindwa kueleza arubuni iko wapi, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, ambayo huweza kuyafikisha mbele ya Jopo la Nidhamu la Mawakili. Jopo hilo lina uwezo wa kumsimamisha wakili, kumtoza faini au kumfuta katika orodha. Malalamiko huandikwa kwa maneno ya kawaida, yakaambatanishwa na barua za wakili na ushahidi wa malipo, na mlalamishi hahitaji kumwajiri wakili mwingine ili kuyawasilisha.